Kompyuta ya ziada imekaa tu? Hivi ndo unavyochagua Linux ya kuanzia

Kama una kompyuta imekaa kabatini kwa sababu Windows imeielemea, au imekataa kupandishwa kwenda Windows 11, usiitupe kwanza. Toka tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha sapoti ya kawaida ya Windows 10, na mashine kibao ambazo kiukweli bado nzima haziruhusiwi kupokea Windows 11 kisa hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa yake ni ya zamani kuliko wanavyotaka. Mashine za aina hiyo ndo zinafaa kabisa kuanzia Linux, mfumo wa bure unaouweka badala ya Windows, maana hata ukikosea ukafuta kila kitu, kompyuta yako ya kila siku iko pembeni salama na kazi zako hazijaguswa.

Tatizo linaanza pale unapoulizia Linux gani nzuri, unakutana na majina mpaka kichwa kinauma, Ubuntu, Mint, Fedora, Debian, Zorin, MX, Lubuntu, Arch, na kila mtu anapigia debe ya kwake. Wengi wanaishia hapo hapo, wanaghairi. Wengine wanachagua ile yenye picha nzuri zaidi, wanaiweka kwenye kalaptopu dhaifu, inakwama kila dakika, wanaondoka wakiamini Linux yote ndo ilivyo. Mimi nilipita huko huko, na nilichokuja kuelewa ni kwamba jina la distro, yaani aina ya Linux, ni swali la mwisho. La kwanza ni RAM ya hiyo mashine, la pili ni diski yake, la tatu ni nani ataitumia na kwa kazi gani. Ukishajibu hayo matatu kwa ukweli, ile orodha ndefu inabaki majina mawili matatu tu, na hapo hata ukichagua lolote hupotei.

Kwanza tuelewane distro ni kitu gani, kwa kifupi. Linux yenyewe ni kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongea na prosesa, RAM, diski na vifaa vingine, Linus Torvalds aliitoa mwaka 1991 akiwa bado mwanafunzi kule Helsinki. Kerneli peke yake haina menyu, haina brauza, haina chochote cha kubofya. Distro ni pale watu wanapoichukua wakaiunganisha na programu zingine zote, wakaweka na njia ya kuinstoli na ghala la kuchukulia programu na apdeti, wakakupa kifurushi kimoja. Ndo maana nyingi ni ndugu wa damu: Mint imejengwa juu ya Ubuntu, Ubuntu imejengwa juu ya Debian, na Debian ipo toka 1993. Faida yake kwako ni kwamba ukikwama kwenye Mint ukakuta maelekezo ya Ubuntu, mara nyingi yanafanya kazi vile vile.

Kitu kingine ambacho kinachanganya watu ni desktopu. Kile unachokiona kwenye skrini, menyu, madirisha, saa pale pembeni, hiyo ni programu inayojitegemea na distro moja inaweza kuja na desktopu tofauti tofauti. GNOME, KDE Plasma, Cinnamon, MATE, Xfce, LXQt, yote hayo ni majina ya desktopu. Na hapa ndo pa kuangalia kwa makini, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito unaousikia kwenye mashine dhaifu unatoka kwenye desktopu na brauza, sio kwenye neno Linux. Mint ya Cinnamon na Mint ya Xfce ndani ni mfumo ule ule, ila kwenye laptopu ya RAM ndogo utadhani ni vitu viwili tofauti.

Ijue mashine yako kabla hujadaunlodi chochote

Kama Windows bado inawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32 halafu Enter. Litafunguka dirisha lenye maelezo mengi, we angalia aina ya mfumo, jina la prosesa, kiasi cha RAM iliyofungwa, na BIOS (programu inayoamsha mashine) iko hali gani, UEFI au ya zamani. Yaandike mahali. Ukiona x64 kwenye aina ya mfumo maana yake ni mashine ya biti 64 na uko vizuri. Ukiona x86 usikate tamaa haraka, inawezekana prosesa ni ya biti 64 ila mtu aliweka Windows ya biti 32, kwa hiyo chukua jina la prosesa ulitafute uhakikishe.

Suala la biti 32 ni zito siku hizi lazima niseme ukweli. Ubuntu waliacha kutoa desktopu ya biti 32 miaka mingi iliyopita, Mint wakafuata kwenye toleo la 20 mwaka 2020, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 nayo haina tena njia ya kuinstoli kwenye mashine ya biti 32. Brauza za kisasa nazo zinaondoka huko moja moja. Kwa hiyo mashine ya biti 32 tupu unaweza kuifufua kwa Puppy au antiX ikaandika barua na kupiga muziki, ila usiipange kuwa ya kuingilia benki au kuangalia video mtandaoni.

Sasa RAM. Ukiwa na GB 8 au zaidi huna haja ya kujinyima, chukua unayoipenda. Ukiwa na GB 4, hapo ndo mashine nyingi za ziada zilipo, na ushauri wangu ni desktopu nyepesi, Xfce hasa. Cinnamon itawaka na itaonekana nzuri tu, mpaka pale utakapofungua brauza na kurasa kumi, barua pepe huku, video kule, ndo utaanza kusikia mashine inavuta pumzi. Ukiwa na GB 2, nenda LXQt, yaani Lubuntu, au MX Linux ya Fluxbox, au antiX, na ujue kabisa kwamba mfumo utakuwa mwepesi lakini kurasa za mtandao ni zile zile nzito na hakuna distro inayoweza kuzipunguza uzito. Chini ya hapo ni antiX na Puppy. Puppy inajipakia yote ndani ya RAM ndo maana inakimbia hata kwenye mashine iliyochoka, ila ina tabia zake za peke yake, ukijifunzia humo utajifunza mambo mengi ambayo hutayakuta kwingine.

Ngoja nikuonyeshe namna ya kuliona hili kwa macho yako, maana ukishaliona hutabishana tena na mtu kuhusu distro nyepesi. Kwenye laptopu moja ya GB 2 niliyokuwa nimepewa niliwasha Lubuntu, nikafungua terminali (dirisha la kuandikia amri) nikaandika free -h. Kinatoka kijedwali kidogo cha mistari miwili, safu ya mwisho ya mstari wa kwanza ndo inakuambia RAM iliyobaki ya kutumika. Mfumo ukiwa mtupu ilibaki zaidi ya nusu, safi kabisa. Nikafungua brauza, ukurasa mmoja wa habari, nikarudia ile amri, imeshuka vibaya. Nikafungua na video, nikarudia tena, sasa mstari wa pili, ule wa swapu, ukaanza kupanda, na papo hapo kitaa cha diski kikawaka bila kuzima na mshale wa mausi ukawa unaruka ruka. Swapu ni pale RAM ikijaa mfumo unaazima nafasi kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni ya taratibu mno ukiilinganisha na RAM. Hapo hata ungeweka distro gani, bila kuongeza RAM au kupunguza kurasa ulizofungua hutatoka.

Ndo nikagusie diski. Kama laptopu ina diski ya kizamani ya kuzunguka, kuibadilisha ukaweka SSD (diski isiyozunguka) ni badiliko kubwa kuliko kubadilisha distro mara kumi, nasema hivi kwa sababu nimeona mashine ile ile, mfumo ule ule, ikitoka kwenye kukusubirisha mpaka unaenda kufanya shughuli nyingine hadi kuwaka ukiwa bado unavuta kiti. Laptopu nyingi za zamani zinapokea SSD ya SATA ya inchi 2.5, unafungua kifuniko cha chini, skrubu chache, unachomoa unachomeka. Kujua diski yako ni ipi bila kufungua mashine, kwenye Linux andika lsblk -d -o NAME,ROTA, ukiona 1 mbele ya jina la diski ni ya kuzunguka, ukiona 0 ni SSD. Na RAM nayo kama kuna nafasi ya kuongeza kutoka 4 kwenda 8, ongeza kabla ya kuanza kuhangaika na mambo ya desktopu nyepesi.

Nani ataitumia

Hili watu wanaliruka. Kama kompyuta ni ya mzazi wako anayetaka kusoma habari, kuongea na wajukuu kwa video na kuprinti karatasi mara moja moja, anahitaji menyu iliyokaa pale anapoizoea, herufi kubwa, na apdeti ambazo hazimbadilishii sura ya mashine kila miezi sita. Kama ni ya mtoto wa shule, LibreOffice na brauza vinatosha, na hivyo viwili karibu kila distro ya wanaoanza inakuja navyo. Kama ni ya kwako we mwenyewe kujifunza mambo ya seva, hapo kaa karibu na Debian au Ubuntu maana utakutana nazo sana mbele ya safari. Kama mtu anategemea programu fulani ya Windows tu, labda ya uhasibu au Photoshop, usimdanganye, mwambie mapema kwamba haitaingia hivi hivi, kuna Wine inasaidia baadhi ya programu lakini si ya kumtegemezea mtu kazi yake ya kila siku.

Haya, majina sasa

Mimi mtu akiniambia nichagulie, sina muda, jibu langu ni Linux Mint. Ikiwa na GB 4 chukua Xfce, ikiwa na GB 8 chukua Cinnamon, kazi imeisha. Wenyewe Mint wanasema kima cha chini ni GB 2 za RAM na diski ya GB 20, wanapendekeza GB 4 na diski ya GB 100 kwa raha zaidi, na hayo ni maelezo ya kweli hawajatia chumvi. Naipenda kwa vitu vidogo ambavyo anayeanza ndo vinamkwamisha. Menyu iko chini kushoto. Kuna programu ya apdeti inayokuonyesha nini kinabadilika bila kukulazimisha. Kuna sehemu ya draiva (programu za kuendeshea vifaa) inayotafuta yenyewe kama kadi yako ya wifi au ya picha inahitaji kitu cha ziada. Na kuna Timeshift, ambayo inapiga picha ya mfumo ulivyo leo ili kesho ukiharibu urudi nyuma. Matoleo ya familia ya Mint 22 yanapata apdeti mpaka 2029, kwa hiyo ukiweka leo huna presha.

Ubuntu ni nzuri pia, ipo toka 2004, na ukiuliza swali lolote utakuta mtu kashawahi kuuliza. Ila uwe makini na mambo mawili. La kwanza ni uzito, desktopu yake ya GNOME inataka RAM ya kutosha, kwa GB 4 inaingia lakini utabanwa. La pili ni namba za matoleo. Ukiona 24.04 maana yake ilitoka mwezi wa nne mwaka 2024, na matoleo ya LTS, yaani ya sapoti ndefu, yanatoka kila baada ya miaka miwili, yanapewa miaka mitano ya apdeti. Yale mengine ya katikati yanapata miezi tisa tu. Mtu anayeanza anaona namba kubwa anadhani ndo bora, anaichukua, halafu kabla mwaka haujaisha anaambiwa toleo lake limekufa. Chukua LTS. Lubuntu na Xubuntu ni Ubuntu hiyo hiyo yenye desktopu nyepesi, ila LTS zake zinapata miaka mitatu badala ya mitano.

Zorin OS imetengenezwa kwa ajili ya wanaohama Windows na muonekano wake unapendeza kweli, ukiwa na GB 4 kwenda juu ijaribu. Kuna toleo la kulipia linaitwa Pro, hulihitaji, lile la bure la Core linakutosha kabisa.

Debian ni mwamba, haibadiliki badiliki, na toka toleo la 12 la mwaka 2023 wameweka ndani faili za kuendeshea kadi za wifi ambazo zamani ulikuwa unahangaika kuzitafuta mwenyewe. Nisingemwanzishia mtu humo siku ya kwanza kwa sababu kuna maswali kidogo wakati wa kuinstoli na vitu vingine unajipangia mwenyewe, lakini akishakaa Mint miezi kadhaa akataka kuelewa zaidi, Debian ndo pa kwenda. MX Linux imekaa katikati hapo, ni Debian iliyoongezewa vifaa vya kurahisisha mambo, kwa mashine za zamani naipa heshima yake.

Fedora ni mpya na safi, ila kila toleo linaishi kama miezi 13, kwa hiyo mashine ya ziada unayoiwasha mara moja moja utakuta kila ukiiwasha inadai kupandishwa. Arch na Gentoo ziache kwanza. Na Kali, hii nisisitize maana vijana wengi wanaianzia wakiamini ndo Linux ya wajanja: Kali ni sanduku la vifaa vya watu wanaopima usalama wa mifumo, na wenyewe wanaoitengeneza wameandika wazi kwamba haimfai mtu asiyeizoea Linux. Ukitaka kufika huko, anza na Mint, jifunze terminali, kisha utaelewa kile unachokifanya.

Kudaunlodi na kuandaa flashi

Daunlodi faili ya ISO (distro nzima ndani ya faili moja) kwenye tovuti ya distro yenyewe, sio kwa mtu kakutumia, wala sio kwenye tovuti ya kukusanya programu. Halafu ikague. Najua watu wanaona hii hatua ni ya kupoteza muda, ila Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilivamiwa na waliodaunlodi toleo la Cinnamon siku hiyo wakapewa ISO iliyopandikizwa mlango wa nyuma. Ukaguzi kamili ndo unaosaidia kugundua kitu kama hicho. Kukagua kwenye Windows unafungua terminali ndani ya folda yenye faili, unaandika certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256, inakutolea msururu mrefu wa herufi na namba, unaulinganisha na ule uliochapishwa na distro. Kwenye Linux ni sha256sum. Ukitofautiana hata herufi moja, futa daunlodi upya, na mara nyingi itakuwa ni mtandao tu ulikatika katikati ila ISO mbovu nayo inakuletea matatizo ya ajabu wakati wa kuinstoli. Mint wana na saini ya kukagulia ule msururu wenyewe, maelekezo yapo kwao, ukiweza fanya yote.

Flashi ya GB 8 inatosha kwa distro moja. Hamisha vilivyomo kwanza, maana itafutwa yote. Kuandika ISO tumia Rufus kama uko Windows, au balenaEtcher popote ulipo. Kunakili faili ya ISO ukaibandika kwenye flashi hivi hivi haitabuti, yaani mashine haitawaka kutoka humo. Isipokuwa ukitumia Ventoy, na hii nakupendekezea sana kama bado hujaamua, unaiweka Ventoy kwenye flashi mara moja, halafu, flashi ikiwa na nafasi kubwa zaidi, unabandika ISO tatu nne kama faili za kawaida, ukibuti inakuuliza unataka ipi. Jioni moja umejaribu Mint Xfce, Lubuntu na Zorin kwenye mashine ile ile, bila kugusa diski.

Jaribu kwanza, usiinstoli

Hapa ndo moyo wa jambo lote. Zima mashine, chomeka flashi, iwashe huku unabonya bonya kitufe cha kuchagua pa kubuti. Lenovo, Dell na Acer mara nyingi ni F12, HP ni Esc au F9, Asus ni Esc au F8. Ikikataa, ingia BIOS uangalie kama kubuti kwa USB kumefungwa. Secure Boot, ile kinga inayokagua mfumo unaobuti, kwa Mint, Ubuntu na Zorin unaweza kuiacha imewashwa, baadhi ya zingine zitakuomba uizime.

Itawaka kutoka kwenye flashi, diski yako haijaguswa bado. Usihukumu kasi hapa, flashi ni taratibu, ikishakuwa kwenye diski itakimbia zaidi. Unachokitafuta ni kama vifaa vya mashine vinatambulika. Unganisha wifi. Cheza video usikie spika, chomeka na spika za masikioni. Punguza na uongeze mwanga wa skrini kwa vitufe. Pitisha vidole viwili kwenye padi ya kugusa uone kama ukurasa unapanda na kushuka. Fungua kamera. Kisha funga kifuniko cha laptopu, subiri dakika moja, fungua. Hilo la kifuniko ndo mashine nyingi zinafeli na hakuna anayelipima, anakuja kuligundua wiki ya pili wakati skrini imekuwa nyeusi na kazi iko ndani haijahifadhiwa.

Wifi isipoonekana, mara nyingi ni kadi ya Broadcom au Realtek fulani, usiondoke. Chukua simu yako, iunganishe kwa waya wa USB, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, na mashine itaiona kama vile umechomeka waya wa mtandao. Halafu fungua sehemu ya draiva, iache itafute. Ikikataa kabisa kwenye distro moja, jaribu nyingine yenye kerneli mpya zaidi, na hii ndo sababu ya kweli ya kubadilisha distro, sio rangi.

Kama mashine imepita mtihani kwenye Mint, weka Mint. Kama Mint imegoma wifi na Zorin imekubali, weka Zorin. Mashine yenyewe ndo imekuchagulia.

Kuinstoli

Bakapu. Picha, hati, paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza, vyote viende kwenye diski nyingine, kisha ufungue hiyo diski nyingine kwenye kompyuta tofauti uhakikishe vinafunguka. Kama Windows ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, hizo faili hutazisoma ukiwa kwenye flashi ya Linux bila ufunguo wake, kwa hiyo hamisha ukiwa bado ndani ya Windows.

Halafu chomoa kila diski ya nje. Mimi sikuchomoa. Nilikuwa nimeacha diski ya nje yenye picha za familia imechomekwa pembeni, programu ya kuinstoli ikaniuliza nifute diski ipi, majina yalikuwa sda na sdb tu, nikachagua haraka haraka. Picha za miaka mingi zilienda, nyingine nilizirudisha kwa watu waliokuwa nazo kwenye simu zao, nyingine hazikurudi mpaka leo. Sasa hivi nachomoa kila kitu, inabaki flashi ya kuinstolia na diski ya ndani, na bado nasoma ukubwa wake kwanza, diski ya GB 500 na flashi ya GB 8 huwezi kuzichanganya ukisoma.

Kwa kuwa hii ni mashine ya ziada, chagua kufuta diski yote na kuweka Linux peke yake. Kuweka Windows na Linux pamoja inawezekana ila inaleta maswali ambayo anayeanza hayahitaji. Weka tiki kwenye kile kiboksi cha kodeki za muziki na video, chagua mpangilio wa kiibodi unaolingana na vitufe vyako na uujaribu pale pale kabla ya kuandika paswedi, maana paswedi ukiiandika na kiibodi ya mpangilio mwingine utajifungia nje. Kama diski ya ndani haionekani kabisa, ingia BIOS uangalie kama iko kwenye hali ya RST au RAID, igeuze iwe AHCI, itaonekana. Laptopu iwe kwenye chaji muda wote.

Wiki za mwanzo

Ikiwaka, piga apdeti zote, kupitia ile programu ya apdeti au terminali kwa sudo apt update halafu sudo apt upgrade. Kisha weka Timeshift, chagua ihifadhi picha ya mfumo kila wiki, ibaki na mbili au tatu zisijaze diski. Ujue tu kwamba Timeshift inalinda mfumo, haiokoi picha na hati zako, hizo bakapu yake ni nyingine.

Programu chukua kwenye ghala la distro, ile programu ya kuinstolia programu. Tabia ya kutafuta faili ya kudaunlodi kwenye tovuti huko na huko iache Windows. Na amri yoyote inayoanza na sudo uliyoikuta mahali, isome kwanza uelewe kila neno linafanya nini, maana sudo inampa aliyeiandika mamlaka yote juu ya mashine yako.

Kaa na distro moja angalau mwezi mzima. Kuna ugonjwa wa kubadilisha distro kila wikendi, unaweka hii, unaona video ya ile, unafuta, na miezi sita inaisha hujajifunza kitu zaidi ya kuinstoli. Ukiwa umechoshwa na sura, badilisha mandhari na ikoni, hayo yote yanabadilika bila kufuta chochote.

Ukikwama na unataka kumuuliza mtu, usimwambie wifi haifanyi kazi ukaishia hapo. Fungua terminali, andika inxi -Fxz, kwenye Mint ipo tayari, inakupa maelezo yote ya mashine, prosesa, kadi ya wifi, draiva inayotumika, kerneli, na ile z inaficha namba za utambulisho za vifaa vyako. Mtu mwenye uzoefu akiona hayo maelezo anakujibu kwa mstari mmoja badala ya kukuuliza maswali ishirini.

Ile flashi usiifute. Ibandike karatasi uandike jina la distro na toleo, iweke droo moja na chaja ya hiyo laptopu, siku mashine ikikataa kuwaka utabuti nayo, utafungua diski kama folda ya kawaida na kutoa faili zako kabla ya kurekebisha kitu kingine chochote.